Bibi Aliyenipeleka Nasari

Iliki ikipondwa asubuhi pale Majengo, Nairobi, majirani walijua Bibi Mwanasha ameamka. Huyo ndiye mama yake mama yangu, muuza mahamri na mbaazi za nazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi soko la Gikomba. Mama alishinda kazini, kwa hiyo mimi, Zuhura, nilikulia jikoni kwa Bibi, kati ya jiko la makaa na sinia la unga. Nasema kwa majivuno, na sitaomba radhi: katika miaka ile ya hamsini hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyetayarishwa kwa shule kama nilivyotayarishwa mimi.

Habari zilikuwa zimeenea kwamba nasari, shule ya watoto wadogo, itafunguliwa kwenye ukumbi wa mtaa, nafasi ni chache, na kila mtoto atapimwa kwanza. Bibi aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Hakujua kusoma, na barua za kaka yake kutoka Mombasa alisomewa na jirani ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshajua nani kwao kaolewa na nani kaachwa. "Nataka msomaji wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu," aliniambia, "na msomaji huyo ni wewe, mjukuu wangu." Nilikuwa sijatimiza miaka sita, lakini nilielewa kwamba nimepewa kazi kubwa.

Basi nikatiwa mazoezini bila kujua kuwa ni mazoezi. Nilichagua mbaazi kwenye ungo, nzima huku, zilizotobolewa na wadudu kule, mpaka macho yangu yakawa hayapitwi na kitu. Nilikanda na kusukuma unga, vidole vikapata nguvu. Bibi alipokuwa akisuka ukili wa mkeka, kazi yangu ilikuwa kumpa miyaa, yale majani ya ukindu yaliyotiwa rangi, kwa zamu, mwekundu, mweupe, kijani, na nikikosea alifumua mstari mzima huku akinitazama tu. Alinituma kwa majirani na salamu ndefu, nami nizifikishe neno kwa neno na kurudi na majibu yake. Na kila asubuhi alinipaka mafuta ya nazi mkononi na kuuvuta juu ya kichwa, kwa sababu mtoto ambaye mkono wake haukufika sikio la upande wa pili alirudishwa nyumbani akakue. Hesabu nilijifunzia kwenye mahamri, nikiyapanga siniani. Hapo Bibi alikuwa na desturi yake: la kwanza haliitwi moja. La kwanza ni bismillahi, ili chakula kiwe na baraka, kisha mbili, tatu, na kuendelea.

Siku ya kupimwa nilivalishwa gauni jipya lililonikwaruza shingo. Mpimaji alikuwa Mwalimu Nekesa, mwanamke mrefu aliyekuja Nairobi kutoka magharibi na mumewe aliyefanya kazi reli. Mkono ulifika sikio, ingawa nadhani sikio nalo lilijivuta kidogo. Kisha akamwaga maharagwe mezani, akaniambia nihesabu. Nikaanza kwa sauti: bismillahi, mbili, tatu, mpaka kumi. Akanikatiza, "Anza tena, polepole." Nikaanza tena vilevile. Akatikisa kichwa, akamwambia Bibi, "Huyu mtoto bado, mama. Hata moja haijui. Mlete mwaka ujao."

Bibi aliushika upindo wa leso yake akaukunja, akaukunja tena. Nilimwonea uchungu, kisha hasira zikanipanda, nami nikasema mbele ya watu wote, "Moja naijua! Moja ni Mwenyezi Mungu. Kitu cha kwanza tunasema bismillahi."

Mwalimu Nekesa aliyakusanya maharagwe yote. "Haya, nipe saba." Nikampa saba. "Ongeza manne. Yamekuwa mangapi?" "Kumi na moja," nikasema, bila kugusa hata moja. Aliangua kicheko hadi wazazi waliopanga foleni wakageuka. "Kumbe moja iko! Mama, nani amemfundisha huyu?"

"Hakuna," Bibi akajibu. "Alikuwa akinisaidia jikoni tu."

Nilipata nafasi. Barua za Mombasa nilianza kuzisoma nikiwa darasa la pili, mlango umefungwa, jirani akikohoa nje kwa udadisi.

Baadaye nami nikawa mwalimu wa watoto wadogo, na leo nimestaafu, ninakaa mtaa wa Tena, hapahapa Nairobi. Shule za chekechea zimejaa hapa, kuta zao zina wanyama wa rangi, na vikapu vya vitu vya plastiki vya kupanga na kuhesabu. Ni nzuri, sizibezi. Lakini nilipokwenda chuo cha ualimu, nilifundishwa mambo hayohayo kwa majina marefu, kutenganisha vitu, kufuata mpangilio, kuimarisha vidole, nami nikawa ninaandika huku machozi yananilenga. Maana siku ile ukumbini, Mwalimu Nekesa alipofungua daftari na kuuliza kazi ya mlezi wangu, Bibi alisema, "Andika sina kazi, niko nyumbani tu." Ikaandikwa hivyo. Laiti ningekuwa ninajua kushika kalamu, ningeyafuta maneno hayo palepale na kuandika: mwalimu.