Kuisemea Filamu Iliyonyamaza

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutafsiri filamu lilikuwa kuogopa ukimya. Nilidhani mtafsiri akinyamaza, watazamaji watajua hajaelewa Kiingereza. Na mara nyingi kweli nilikuwa sijaelewa. Nilijifunza mwenyewe, kwa maandishi ya chini ya skrini na kamusi isiyo na jalada, kwa hiyo kila nilipokosa neno nilisema chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kibanda cha video pale Ipinda. Huku kwetu filamu ya kigeni haionyeshwi hivi hivi. Lazima pembeni ya skrini akae mtu mwenye kipaza sauti, tunamwita dijei, aeleze kwa Kiswahili nani kasema nini, atanie, aonye, na akitaka watu wacheke achomeke Kinyakyusa. Jumapili mchana zilikuwa zangu.

Filamu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mjane anahamia nyumba ya dada yake, mshonaji aliyefariki. Kila siku anasikia cherehani ikilia chumba cha juu. Mwishowe anapanda ngazi kwenda kuangalia. Basi. Hakuna bunduki wala ngumi. Nilipenda hata weupe wake, ambao ulinikumbusha ukungu wa asubuhi Matema, unaposhuka toka milimani mpaka ziwani: unauona mtumbwi, halafu huuoni.

Jumapili niliyoionyesha, picha ilipotokea tu mzee mmoja wa nyuma akauliza kama rangi nazo hukatika kama umeme. Kibanda kizima kikacheka. Nikaingiwa na hofu, nikaanza kuongea bila kupumua. Mjane alipopanda ngazi nilimsindikiza kwa maneno kila hatua: anaogopa huyo, magoti yanamcheza, mama rudi. Kabla hajafika juu, nusu ya watu walikuwa wameshatoka.

Nilimsihi mwenye kibanda aniache niirudie. Alikubali, ila watu wakitoka tena, kipaza sauti anampa mwingine. Sikuwa na kitu kingine nilichokiweza. Nikamwitikia ndaga, asante, kana kwamba amenipa zawadi.

Nyumbani Ngana nilifanya mazoezi mpaka sauti ikakauka. Wazazi walikuwa shambani, wakivuna mpunga. Kwa kuwa sikuweza kusema, nilivaa hedifoni nikaitazama tu.

Ndipo nikasikia. Wakati wote mjane anapopanda, cherehani ya juu inashona taratibu, kama ya mtu asiye na haraka. Karibu na ngazi ya mwisho, inanyamaza. Mjane anasimama, mkono ukutani. Mlango uko wazi kidogo, na giza la ndani halifanani na kivuli. Ni kama limesimama hapo likimngoja. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea.

Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi, na sikuwahi kujua kwamba cherehani inanyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa napayuka zaidi.

Nilivua hedifoni. Nje kakao ilikuwa imeanikwa, na hakukuwa na hata kuku. Chumba cha pili kuna cherehani ya mama, imefunikwa kitenge. Nilijua imefunikwa, nilikiona kile kitenge asubuhi. Hata hivyo sikuinuka kuhakikisha. Nilisogeza kiti, mgongo ukutani, nikakaa kusikiliza chumba ambacho hakikutoa sauti yoyote. Nikaona aibu, maana nilitamani kitoe, angalau nijue.

Jumapili iliyofuata sauti ilikuwa imerudi nusu. Mjane alipokanyaga ngazi, nikashusha kipaza sauti mapajani.

“Dijei, umelala?” mtu akauliza.

“Mwacheni,” mwingine akamjibu. “Kaishiwa Kiingereza.”

Hilo ndilo nililoliogopa siku zote, na sasa lilikuwa limesemwa mbele za watu. Mkono ulianza kuinua kipaza sauti. Niliuzuia kwa mkono wa pili. Vicheko vikapungua, cherehani ikasikika, wakaisikiliza. Kisha ikanyamaza.

“Huyo wa juu amemsikia,” mama mmoja wa benchi la mbele alisema, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyecheka. Watu kadhaa waligeuza shingo, si kutazama skrini bali pazia la mlango wa kibanda, lililokuwa limetulia. Na mimi nilitazama.

Hakutoka mtu mpaka mwisho. Waliondoka pamoja, bila kusukumana wala kuongea. Mwenye kibanda alikuwa anakunja nyaya.

“Dogo, kipaza sauti ni chako,” alisema. “Lakini hiyo filamu usiilete tena hapa. Watu wametoka kama wametoka kuzika. Lete za ngumi.”

Sijaileta tena. Jumapili bado ni zangu, na nyingi ni za ngumi. Bado nafanya mazoezi kupita kiasi na bado natokwa jasho kabla ya kuanza. Ila siku hizi natafsiri yale yanayosemwa, na pale wasiposema kitu, nanyamaza.