Kahawa Chini ya Magurudumu

Mwezi uliopita nilipita tena njia ya msituni, ile tuliyokuwa tukipita kutoka upande wa Kyerwa kuja Ihanda. Siku hizi imechongwa na greda, ndugu yangu. Kijana wa bodaboda aliniendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu sikioni.

Enzi zangu haikuwa hivyo. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwetu, alikuwa na pikapu kuukuu, gari pekee kijijini. Mvua zikianza, njia iligeuka uji. Mizizi ilitokeza kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa, na matawi yalikwaruza mlango hadi meno yakashika ganzi. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kwa miguu na fimbo, kupima kina cha madimbwi. Nikiinua fimbo, Tata anapita. Nikiilaza, anatafuta njia pembeni. Niliipenda kazi ile. Msitu ulinuka majani mabichi na moshi wa dizeli, na mama alitufungia ndizi na maharage kwenye jani la mgomba. "Gari haliendi tupu," Tata alizoea kusema, na kila safari alipakia kitu.

Jirani yetu alikuwa kibarua shambani kwetu, mtu wa asili ya Rwanda. Mkewe ndiye aliyenisuka kila Jumamosi, nimekaa katikati ya magoti yake, viazi vitamu vikichemka jikoni. Asubuhi moja uchungu ulimshika na mtoto akagoma kutoka. Mkunga akasema apelekwe hospitali upesi. Jirani akaja mbio, akapiga goti uani kwetu.

"Waitu," akamwita Tata kwa neno letu la heshima, "nisaidie gari."

Tata hakukataa. Ila kabla ya kuondoka alipakia magunia sita ya kahawa kavu, na mgonjwa tukamlaza juu yake.

Katikati ya msitu nililaza fimbo. Gari lilikuwa zito mno, halikuweza kukwepa. Likazama hadi ekseli. Jirani alisukuma mpaka akaanguka kifudifudi kwenye tope.

"Waitu, tushushe kahawa."

"Italowa," Tata akajibu. "Tukate matawi kwanza."

Walikata matawi, wakayatandika, magurudumu yakayameza. Wakakata mengine. Mimi nilikuwa nimepanda nyuma, nimekipakata kichwa cha yule mama. Alishaacha kulia. Aliuliza tu, "Mwanangu, upo?" Nikajibu, "Nipo." Akauliza tena, nikajibu tena. Kisha hakuuliza.

Nikapiga kelele. Hapo ndipo Tata alipoyachana magunia kwa panga na kuimwaga kahawa yote chini ya magurudumu. Gari likapanda mara moja. Mara moja tu, ndugu yangu.

Hospitalini hawakuwa na la kufanya, kwa mama wala kwa mtoto.

Siku ya pili baada ya mazishi Tata alirudi msituni na vikapu. Aliiokota kahawa ile, akaisuuza tope, akaianika uani. Jirani alipita akaiona. Alisimama kidogo, akamsalimia Tata kwa heshima kama kawaida, akaenda zake. Kabla ya mavuno mengine alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Mama hakumfungia tena Tata chakula cha safari. Nami fimbo sikuishika tena.

Sasa Tata ni mzee, na wajukuu husimuliwa jinsi gari lake lilivyokuwa likibeba wagonjwa wa kijiji kizima. Hunyamaza akisifiwa. Nami siwasahihishi.

Nilimwomba yule kijana asimamishe pikipiki pale nilipodhani ndipo. Msitu umekwisha, umeliwa na mkaa. Mahindi yamesimama kila upande, wala sikuweza kujua tulikwama wapi.

"Mama, umepoteza kitu?" akaniuliza.

Nilitaka nimwambie kuna mtu alifia hapa, nimtaje kwa jina lake. Ndipo nikatambua kwamba jina lake silijui. Kwetu tulimwita mke wa kibarua.