Nguzo Tatu za Nyuma

Mwaka wa ukame mkali, Abeli Chilewa akiwa kijana, alipewa kazi ya kumwagilia nguzo za zege za nyumba mpya ya ghorofa mjini Dodoma, asubuhi na jioni, ili zikomae. Alizimwagilia zote isipokuwa tatu za nyuma. Maji ya hizo tatu aliwapelekea ndama wa mama yake, waliokuwa wakifa kwa kiu. Ndama walipona. Kuta za matofali zikajengwa kati ya nguzo, lipu ikapigwa, wapangaji wakahamia. Tangu hapo, kila ardhi ilipotetemeka, Abeli aliiwaza nyumba ile kabla ya kwake.

Miaka arobaini baadaye alisikia kwamba wapangaji wa nyumba ile wamehamishwa kwa muda, na nguzo zenye nyufa zinazungushiwa kitambaa cha nyuzi ngumu kilicholoweshwa gundi ili ziimarike. Akaenda.

“Shikamoo, mzee. Umekuja kutukagua?” aliuliza Mwajabu, mhandisi wa kazi hiyo.

“Marahaba, mwanangu. Na zile tatu za nyuma?”

“Hizo tumeziacha. Hazina hata ufa, nzima kuliko mimi!”

“Hazikumwagiliwa zilipojengwa. Kazi ilikuwa yangu, maji nikawapa ndama.”

Mwajabu alicheka, kisha akaona mzee hacheki, akamfuata hadi nyuma ya nyumba. Aliagiza lipu ibanduliwe. Zege la ndani likamomonyoka kwa ncha ya patasi.

“Wapangaji wasirudi kwanza,” aliwaambia mafundi. “Na hizi tatu tunazizungushia.”

Abeli aliomba chaki, akatia alama kwenye nguzo zote tatu alizozinyima maji, akaandika jina lake chini ya ile ya mwisho.