Aliyepika Anywe Kwanza

Desemba ikiingia Dubai, joto huondoka kimyakimya, bila kuaga mtu. Siku hizo Severina alitoka bweni la wafanyakazi kule Al Qusais akiwa na sweta, akapanda metro, akasinzia macho wazi huku minara ikipita dirishani, nusu yake imemezwa na ukungu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tororo, Uganda. Kazi yake ilikuwa kuosha glasi katika mkahawa wa hoteli moja Bur Dubai, uliojipikia bia yake wenyewe katika matangi ya kung'aa nyuma ya kioo. Mkataba wake ulikuwa unaisha Januari. Waosha glasi walikuwa watatu, na Madam Maha, meneja wao, alishasema atabaki na wawili. Binti wa Severina, Angella, alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ukunga huko Mbale, kwa karo aliyotuma mama yake. Kwa hiyo Severina alijichunga: hakuchelewa, hakujibizana na mtu, hakuvunja hata glasi moja.

Alasiri moja Maha aliwaita wote waonje bia ya msimu wa baridi kabla wageni hawajafika saa kumi na mbili. Mpishi wa bia hiyo, Stephen, Mkenya wa Nakuru, aliitia tende, mdalasini na karafuu. Ilikuwa nyeusi, na povu lake lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mishi wa Mombasa, mkaribishaji wa wageni mlangoni, hakunywa pombe. Alikuja kutazama nyuso za watu tu.

Severina aliinua glasi puani, na mkahawa ukamtoka machoni. Aliona chungu katikati ya ua wa kwao, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama yake akimimina maji ya moto juu ya unga wa wimbi uliochachuka. Hakuna aliyethubutu kufyonza. Mama aliinama kwanza, akavuta, akameza mbele ya macho ya wote, ndipo mirija mingine ikashuka. Mpishi asiyeionja pombe yake alikuwa na jambo analolificha.

Alipozinduka, wenzake walishakunywa na walikuwa wakisifu. Yeye bado alikuwa anamtazama Stephen, ambaye glasi yake ilikuwa mezani, haijaguswa.

"Mama Angella," Mishi akamnong'oneza, "utaikodolea macho mpaka iote ndevu?"

Stephen alisikia, akauliza kama kuna tatizo. Severina alitaka kusema hapana, lakini ulimi ulimtangulia.

"Namngoja mpishi. Kwetu aliyepika hunywa kwanza."

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana Stephen hakucheka. Alichukua glasi, akaiweka bia mdomoni kwa muda mrefu, akameza. Halafu akasema kwa Kiingereza, ili Maha asikie, kwamba tangu mafua ya Novemba pua yake haijarudi kunusa. Bia yote aliipika kwa kufuata karatasi ya vipimo, akaogopa kusema.

Severina aliishika glasi yake kwa mikono miwili. Alikuwa amemuumbua mtoto wa mwanamke mwenziwe mbele ya bosi, na huenda ameshajifungia mlango wa Januari.

"Basi niambie wewe, mama," Stephen akasema taratibu. "Ina nini?"

Severina alifumba macho, akanywa. Tende zilitangulia, zikafuatwa na moshi wa jiko la asubuhi ya mvua, mdalasini ukapita polepole, na mwisho karafuu ikaja ikakaa juu ya ulimi, ikakataa kuondoka. Aliyasema hayo yote kama anayesimulia ndoto.

"Karafuu imezidi. Changanya na bia isiyo na viungo, itatulia."

Stephen alimtafsiria Maha. Maha akaonja tena, akaagiza ichanganywe. Kuanzia kesho, akasema, ikifika saa tisa Severina aache glasi, aingie chumba cha matangi na Stephen, amnusie.

Severina alishukuru. Angeishia hapo, lakini Angella alikuwa kifuani mwake.

"Madam, na Januari?"

Maha alinyoosha kidole kwenye tangi la mwisho. Hilo lingeiva Machi, akasema, na mpaka liive anataka mtu wa kulionja.

Wengine walirudi kazini. Severina alisogea mpaka kwenye kioo, akaegemeza paji la uso. Ndani, kibomba cha tangi lile, ambamo bia ilikuwa ikichachuka, kilikuwa kikitoa mapovu kwenye ndoo ya maji, moja, kisha jingine, bila haraka yoyote.