Maganda ya Risasi Katika Maji ya Ukwaju

Kazi ile niliipata kwa sababu ya shikamoo. Dada mmoja wa Kikongo niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Joubert Park, hapa Johannesburg, alinielekeza kwenye nyumba iliyo nyuma ya maduka ya Fordsburg. Aliniambia wenyewe ni Wahindi, wazee wawili, wanatafuta mtu wa kuwapikia na kuwafulia. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya Kiingereza kichwani. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu mwenye kofia nyeupe ya kufuma, na Kiingereza chote kikanitoka. Nikamwamkia kama ninavyowaamkia wazee wa kwetu.

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, binti. Umetoka wapi wewe?"

"Bujumbura, Mzee. Buyenzi."

"Ingia ndani. Sijaitikia salamu hiyo tangu nikiwa na nywele nyeusi."

Kumbe mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na baba yake akampeleka Tanga kwa shangazi, akakulia huko mpaka alipoitwa arudi Johannesburg kusaidia duka la vitambaa. Sasa duka alikuwa ameliuza. Mkewe, niliyemwita Bibi, alikuwa mzaliwa wa Fordsburg na hakujua Kiswahili hata neno. Akitusikia tunabishana jikoni kama mchicha wa Tanga ndio lengalenga ya kwetu, na kama kisamvu ndicho sombe, alikuwa akitikisa kichwa na kuongeza sauti ya redio.

Wiki ya kwanza sikuwa na shida. Wiki ya pili nilikuwa nikifagia ukumbi wa nyuma, nikakuta mlango ambao siku zote hufungwa uko wazi. Ndani mlikuwa na meza nzito, na mashine ndogo ya mkono yenye mpini mrefu imefungwa ukingoni kwa skrubu. Juu ya meza kulikuwa na kibao chenye matundu, na katika kila tundu imesimama risasi, ya manjano, inang'aa.

Nilitoka vitongoji vya Bujumbura miaka ile ya vita. Sihitaji kusema zaidi. Niliweka ufagio ukutani, nikavua aproni, nikamfuata Mzee barazani.

"Mzee, nisamehe. Mimi katika nyumba yenye risasi siwezi kukaa."

Hakucheka, wala hakunipa hotuba. Alinyanyuka, akaenda kuufunga ule mlango kwa ufunguo, akarudi na kukaa. Ndipo akaniambia kwamba yeye ni mwindaji. Kila kipupwe huenda porini na wenzake wa klabu, wana leseni, na bunduki yake hulala katika kasha la chuma lililopigiliwa ukutani. Risasi hanunui. Akishapiga huokota maganda, huja nayo nyumbani, huyasafisha, kisha huyatia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya.

"Kwa nini usinunue dukani, kama watu wengine?"

"Wewe kwa nini hununui wali uliopikwa?"

"Wa dukani si mtamu."

"Haya. Na bunduki ina ulimi wake. Ninaipikia inachopenda." Kisha akasema kwa upole, "Mlango ule hutauona wazi tena. Lakini ukitaka kwenda, nitakuelewa, na nitakupa cha nauli."

Nilibaki. Nadhani ilikuwa ile nauli. Mtu anayekufungulia njia ya kuondoka ni vigumu kumkimbia. Na kweli, kwa miezi mingi sikuuona mlango ule wazi. Nilikuwa nikisikia tu mpini wa mashine ukishuka na kupanda, na nilijua kwamba wakati huo hakuna ruhusa ya kumsemesha. Bibi mwenyewe alikuwa akipita ukumbini kwa kunyata. Ukimkatiza anapomimina baruti, aliniambia kwa Kiingereza, Mzee anaweza kusahau alipofikia akajaza ganda moja mara mbili, na risasi ya namna hiyo huweza kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji.

Kilichonipeleka upande wa Mzee ni sufuria. Mwaka wa Kombe la Dunia, wakati mavuvuzela, tarumbeta zile za plastiki, yalikuwa yakilia tangu Hillbrow mpaka kwetu, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta jikoni amekunja mikono ya kanzu, anakoroga kitu kwenye maji ya ukwaju. Nikachungulia. Maganda matupu yalikuwa yamezama na masizi yake ndani ya sufuria yangu ya wali.

"Mzee, hiyo ni sufuria ya chakula."

"Shangazi alikuwa akisafishia shaba kwa ukwaju. Masinia yote, vinara vyote."

"Shangazi hakuwa akisafishia kwenye sufuria ya wali."

Alifikiri. "Hapana. Angenipiga."

Nilimnyang'anya ile kazi kwa hasira tu, nikaipeleka uani kwenye ndoo ya plastiki. Baada ya kuyaloweka nikayasugua, nikayasuuza maji mengi, nikayaanika kwenye sinia kuukuu juani. Yalitoka yakiwa safi kama bangili za bibi harusi. Mzee alikuja kuyatazama, akachukua moja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hukuogopa kuyashika?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ganda tupu sikuwahi kuliogopa. Asubuhi baada ya mapigano, kaka yangu alikuwa akiyaokota kwenye mtaro mbele ya nyumba yetu. Mama alimkataza na hakusikia. Aliweka mdomo wa ganda chini ya midomo yake na kupuliza, likatoa mluzi mwembamba, na sisi wadogo tukajua kwamba ni salama kutoka nje.

Mzee alipuliza lile alilokuwa nalo. Likatoa upepo tu. Nikamwonyesha jinsi ya kuliinamisha. Mara ya tatu likalia, na Bibi akatoa kichwa dirishani kuuliza tuna wazimu gani.

"Kaka yupo?" Mzee akaniuliza.

"Yupo Kigoma. Ana watoto wanne na kitambi."

"Alhamdulillahi," akasema, na nilimwona amepumua.

Tangu hapo kuosha maganda kukawa kazi yangu, na kazi ile niliipenda. Mengine sikuyagusa, wala yeye hakutaka niyaguse. Nyama ya swala aliyoleta kutoka porini nilikuwa nikiifanya pilau, na sehemu yangu niliibeba Joubert Park, tukala na yule dada wa Kikongo na majirani wa ghorofa yetu.

Miaka ikaenda. Kipupwe kimoja, siku chache kabla ya safari yao, Mzee alikuwa chumbani anamimina baruti simu ilipolia. Binti yao wa Durban alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya kungoja sana. Bibi alisahau kila sheria. Alikwenda mbio, akafungua mlango, akamwangukia mumewe shingoni. Tulikula halua mchana ule. Baadaye Mzee akarudi mezani, akamaliza kazi yake, akafunga mlango.

Kesho yake hakunywa chai. Alikaa barazani anazungusha tasbihi bila kuisoma.

"Sikumbuki," akaniambia. "Niliponyanyuka, mstari ule wa mwisho wa kibao nilikuwa nimeutia baruti au bado? Na niliporudi, nilianza upya au niliendelea? Sikumbuki."

Mwenzake wa klabu, daktari wa meno aliyekuwa akija mara kwa mara kula samosa zetu, alipita jioni. Alisikiliza, akaguna. "Eish, Mzee. Zipime tu kwenye mizani. Iliyo nzito itajionyesha."

"Maganda yenyewe hayalingani uzito. Mizani itanidanganya."

"Basi ziache, nitakupa za kwangu. Usikose safari."

"Na hizi nizifungie kabatini, risasi nisizozijua? Nikifa leo, nani atakuja kuzipiga bila kujua?"

Wenzake walikwenda bila yeye. Yeye aliniomba nikae mlangoni, nimwondolee upweke, akaanza kuzivunja. Alikuwa na nyundo ya plastiki yenye tundu. Alitia risasi tunduni, akaigonga nyundo kwenye kipande cha mti, kichwa kikachomoka, baruti ikamwagika ndani ya nyundo. Aliipima baruti ile, akaiweka kando, akachukua risasi nyingine. Alifanya hivyo moja moja, siku baada ya siku, akipumzika tu aende kuswali au kula. Kwa kuwa hakuwa akijaza, niliruhusiwa kuongea, nasi tuliongea sana. Alinieleza habari za shangazi na uji wake wa pilipili manga. Mimi nilimweleza jinsi watoto wa dada yangu aliyeolewa huku, waliozaliwa hapa, wanavyonijibu kwa Kizulu nikiwasemesha Kiswahili.

Alipovunja ya mwisho aliipima baruti yake, akaipima tena.

"Zote sawa," akasema. "Hakuna hata moja iliyozidi."

Nilifurahi, nikamwambia basi hakukosea. Yeye aliyafuta macho yake kwa ncha ya kanzu.

"Baruti haikukosea, binti. Kichwa changu ndicho kilichonipotea, nusu saa nzima. Kazi hii haimtaki mtu wa namna hiyo."

Hakuihuzunikia kwa kelele. Aliita polisi wa leseni za silaha waje kumwelekeza taratibu za kumhamishia mwenzake bunduki, na mashine akampa daktari wa meno. Siku mashine ilipotolewa, Bibi, aliyelalamikia kile chumba ndoa nzima, alisimama ukumbini akalia kuliko sisi wote.

Kabla bunduki haijabadilishwa jina la mmiliki, wenzake walimwalika kwenye uwanja wao wa shabaha, kusini, karibu na vilima vya mchanga wa migodi. Zilikuwa zimebaki risasi chache za msimu uliopita, zile alizozijua. Alitutaka mimi na Bibi twende pia. Nilisitasita, kisha nikafunga samosa na chupa ya chai, tukaenda. Walinivisha vizibo vya masikio, na bado nilishtuka kwa kila mlio. Bibi alinishika mkono bila kunitazama.

Mzee alilala kifudifudi kwenye mkeka, kwa shida, wawili wakimsaidia. Alilenga muda mrefu. Kisha akapiga.

Macho yake hayakuweza tena kuona mbali kiasi kile. Alinipungia nije, akanipa darubini.

"Wewe una macho. Imepiga wapi?"

Nilitazama. Wenzake wote walikuwa wananitazama mimi, na daktari wa meno alinikonyeza nimpe zawadi ya uongo mdogo.

"Chini, Mzee. Kushoto. Nje kabisa ya duara jeusi."

Alicheka mpaka akashindwa kunyanyuka, ikabidi tumvute kwa mabega.

"Ahsante," akasema, akijikung'uta vumbi. "Sasa tule hizo samosa."