Nilivyochuchumaa Getini Nakawa

Aibu hii nawaambieni mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa jirani ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua nilifungwa miaka miwili Luzira (niliuza bodaboda ya wizi, tena nikijua ni ya wizi, simsingizii mtu), na huko ndiko nilikojifunza useremala. Nilipotoka, kila nilipoomba kazi nilisema kweli. Kule Mengo, fundi aliyekuwa ameshanionyesha hadi meza yangu alikumbuka ghafla kwamba nafasi imejaa. Basi nilipoitwa kwenye kiwanda cha samani Nakawa nikaamua kusema kauongo kadogo tu: miaka ile miwili nilikuwa kwenye karakana Mombasa.

Mambo yakaninyookea. Mama mwenye kiwanda akanipa mbao nitengeneze droo, akaivuta, akairudisha, akasema, "Huyu ameshika randa kweli. Mombasa wanafundisha!" Nikampigia mke wangu achinje kuku.

Tuliofaulu tukaambiwa tusubiri getini, vitambulisho vinakuja. Mara mlinzi, mzee mwenye kirungu, akatoka na kupaza sauti, "Nyinyi wote, mstarini! Tano tano, nahesabu!"

Jamani! Kichwa kilijua niko Nakawa, ila magoti hayakuuliza. Nikachuchumaa papo hapo kama tulivyohesabiwa Luzira, macho chini, mikono magotini, na kwa kuwa kulikuwa kimya nikadhani nimechelewa kuitikia, nikapiga kelele, "Moja, afande!"

Nyuma yangu sauti ikajibu, "Mbili, afande!"

Nikageuka. Wenzetu wote wamesimama wanatushangaa, na aliyechuchumaa ni jamaa wa tai nyekundu, yule aliyetuambia asubuhi kwamba ametoka Dubai.

Mama alikuwa mlangoni, vitambulisho mkononi. "Ssebo," akaniuliza taratibu, kwa heshima kama anayesema "bwana", "Mombasa wanahesabu watu hivyo?"

Akakitazama kitambulisho chenye picha yangu, akakitia mfukoni. "Droo yako nzuri," akasema, "lakini umenidanganya." Niliumia, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kuku alikuwa ameshachinjwa, kwa hiyo nikamkaribisha na yule wa Dubai, tukamla pamoja, mke wangu kanuna.

Mombasa sitaitaja tena, naapa. Kusema kweli nako kunaninyima kazi, nalijua hilo, lakini angalau nafukuzwa nikiwa nimesimama.