Visu Viwili vya Mama Mdogo

Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu vyake vya kazi, Mama Mdogo alikuwa anavigeuza chini juu na kuvigonganisha, kama mtu anayefukuza nge. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Nge wa kupanda ngazi zote zile angestahili kukaribishwa chai. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, humwuliza, "Leo umewakuta wangapi?" Naye hujibu, "Wote wamehamia kwako."

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo kwenye jiko la nyumba ya wageni. Jiko lile halina dirisha. Siku moja nilimpelekea mwavuli, nikamkuta amesimama kwenye sinki, mvuke umemlowesha mpaka nyusi.

"Huko nje kukoje?" akaniuliza.

"Mvua inanyesha."

"Una bahati, umeiona."

Ndiyo maana aliposikia kwamba wapimaji wa mipaka ya msitu wanatafuta mtu wa kupika na kutunza kambi, alikwenda siku hiyo hiyo na aproni yake mbichi. Kiongozi wao alikuwa mwanamume mrefu ambaye watu walimwita Bwana Futi. Alimwambia kupika kila mtu anajua. Yeye anataka mtu ambaye akipotezana na wenzake huko porini hatakaa chini akalia. Kwa hiyo afunge mkoba wake wa dharura: maji, kiberiti, kamba, filimbi, bandeji, na kisu alichokichagua mwenyewe. Jumamosi Bwana Futi angepita nyumbani kuukagua. Akiridhika, Mama Mdogo anapanda lori wiki inayofuata. Asiporidhika, anarudi kwenye sinki.

Mama hakutaka aende. Hakusema, lakini wiki ile sufuria zilitua chini kwa kishindo.

Baba ana bucha, kwa hiyo kwake suala la kisu lilikuwa limekwisha. Alileta kile chake kirefu, kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani.

"Shemeji, hiki kinapita kwenye nyama kama umbea."

Bibi, aliyewazaa Mama na Mama Mdogo, naye akavuta panga kutoka chini ya kitanda.

"Mama, hilo nikilibeba, mkoba abebe nani?" Mama Mdogo akamwuliza.

"Msitu hauogopi kijiko, mwanangu."

Mama Mdogo hakubishana. Alileta beseni la maji ya sabuni na mpini wa ufagio uliovunjika. "Mimi visu nimevijulia kwenye mipini," akasema. "Miaka yote vinanijia na mafuta. Kisu ni kile kisichokukimbia mkono ukilowa. Shemeji, chovya, halafu chonga huo mti."

Baba akacheka, akachovya, akachonga. Mpini ulikuwa umelainishwa na mafuta ya nyama, ukamzunguka kiganjani. Kisu kikaruka, kikagonga sakafu, makali yakapata pengo. Baba alikiokota kama anayeokota mtoto aliyejikwaa.

"Leo mkono wangu una kiburi tu."

"Mkono hauna kosa, shemeji. Kisu chako kimezoea mnyama aliyekwisha kukubali."

Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Lakini kisu bado hakijapatikana, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Nikafuatana na Mama Mdogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alitutolea kisu kikubwa kinachong'aa, kina meno ya msumeno mgongoni, na mpini wake unafunguka kama chupa. Ndani mna dira, ndoano na uzi.

"Hiki ndicho cha mabingwa, dada."

Mama Mdogo alikitikisa karibu na sikio. Kikalia chwa, chwa. Akatazama pale mpini unapoanza. "Chuma kimeishia hapa mlangoni, ndani hakikuingia. Nikikigonga kwenye kuni kitakatika shingo. Hebu nipe maji kidogo." Akatoa kipande cha sabuni mfukoni.

"Dada, sisi tunauza visu, hatuviogeshi!"

"Basi leo ndiyo siku ya kwanza."

Muuzaji aliishia kumshikia kopo. Vilioshwa visu vingi, vikashikwa, vikakataliwa. Mwisho vilibaki viwili. Kimoja kifupi, mgongo mnene, chuma chake kinaonekana kutoka ncha mpaka kitako cha mpini, na kina ala ya ngozi. Cha pili kidogo cha kukunja, chenye kizuizi kisije kikafunga na vidole vyako. "Kikubwa cha kupasulia kuni, kidogo cha mwiba na bandeji," aliniambia njiani. "Kimoja kitakaa kiunoni, kingine mkobani. Mkoba ukichukuliwa na mto, sibaki mikono mitupu."

Jumamosi lori lilisimama chini ya nyumba. Bwana Futi alikaa kwenye kochi letu, akafungua mkoba. Maji, kiberiti kwenye plastiki, kamba. Halafu vikatoka viatu vya visigino. Halafu chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka. Halafu pasi. Mama Mdogo alimgeukia Mama. Mama alikuwa anatazama dari.

"Hivi viatu vitamwokoa nani?" Bwana Futi akauliza.

"Ni vya kuwapokelea waokoaji," Mama Mdogo akajibu.

Baba alipaliwa na chai. Bwana Futi hakucheka. "Mkoba ni mzito. Na visu viwili ni vingi. Baki na kimoja."

Mama aliacha kukoroga chai, akawa anasubiri. Niliona tumaini usoni mwake.

Mama Mdogo akaviweka visu vyote mezani. "Nikibaki na kikubwa, mwiba nitautoa na nini, na shoka? Nikibaki na kidogo, kuni nitazipasua kwa maombi? Toa viatu. Toa pasi. Toa hata mafuta, nipauke. Lakini visu vinakwenda vyote, au tunabaki navyo hapa."

Bwana Futi alikichukua kikubwa, akakigeuza, akatazama kitako cha mpini. "Nani kakuchagulia?"

"Beseni."

Hapo ndipo akacheka, akasimama. "Funga mkoba. Tunaondoka sasa hivi."

"Sasa hivi?" Mama akaruka. "Si mlisema wiki ijayo?"

"Mvua hazitungoji, mama."

Mama alibaki na viatu vya visigino mapajani. "Na mimi nani atanichekesha humu ndani?"

"Mwambie shemeji akuchongee ufagio."

Mama alicheka huku anafuta macho. Mama Mdogo akafunga ala kiunoni, akamshika Bibi kichwa, akanivuta sikio, akatoka. Dirishani tulimwona anapanda nyuma ya lori pamoja na sufuria. Hakukaa. Alisimama ameshika chuma, uso juu, mvua ndiyo inaanza kudondoka. Msitu ule ulipokwisha kupimwa wakampeleka mwingine, na mwingine. Salamu zinakuja, safari moja hata asali ilikuja. Yeye hakurudi.